Walipotaka mjukuu wangu aingie kwenye majaribio ya dawa

Fomu ilikuwa na kurasa 16. Binti yangu aliiweka juu ya meza ya jikoni, baina ya birika la chai na sahani ya vitumbua, akaniambia, "Mama, wewe umesomesha bayolojia miaka yote ile. Isome, halafu utwambie tufanye nini. Tumepewa wiki mbili."

Hiyo ilikuwa Maskati mwaka jana, nilipokwenda kuwatembelea. Nilitazama ukurasa wa mwanzo tu. Nikaona neno "majaribio", nikaona "watoto wa miaka 6 hadi 12", nikaisukuma fomu kando. Nilimjibu kwa msemo wa Kiarabu ambao marehemu baba yangu akiupenda sana, wa kinyozi anayejifunza kunyoa kwa vichwa vya mayatima. Akikata sikio, nani atamlalamikia? Yatima hana wa kumsemea.

"Lakini Nasir si yatima," binti yangu akasema. "Ana mama, ana baba, na ana bibi mwenye maneno mengi."

Basi nikaivuta tena ile fomu, nikatafuta miwani. Haya ninayoandika ndiyo niliyojifunza katika wiki mbili zile, kwa kusoma, kuuliza na kugombana kidogo na mkwe wangu. Nayaandika kwa sababu najua jiko letu si la pekee. Hospitali za Ghuba, za Uingereza na za kwetu Mombasa na Dar es Salaam zinafanya utafiti, na siku moja fomu kama ile inaweza kufika mezani kwako.

Damu tuliyoirithi pande zote mbili

Nasir, ambaye hapa nimembadilisha jina, ana miaka tisa. Ana sikoseli, au selimundu kama vitabu vinavyouita ugonjwa huu, kwa sababu chembe nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu. Chembe hizo hukwama kwenye mishipa midogo, damu haipiti, na hapo mtoto hupata maumivu ya mifupa ambayo hata mtu mzima angeyalilia. Zinavunjika upesi pia, kwa hivyo damu huwa haba na macho hugeuka manjano.

Ugonjwa huu umeenea pale ambapo malaria iliishi na watu kwa karne nyingi. Anayerithi kasoro hii kwa mzazi mmoja tu haugui, na tena hupata kinga ya malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeumwa. Pwani yetu imejaa watu wanaoibeba. Oman nako, takriban watu 6 kati ya 100 wanayo. Sasa zitazame familia zetu, zilizooana kwa vizazi baina ya Mombasa, Pemba, Unguja na Oman, tena mara nyingi binamu kwa binamu. Mdogo wangu mmoja alifariki akiwa na miaka minne. Nyumbani walisema ni baridi yabisi. Leo nikimtazama Nasir anavyoshika magoti usiku, najua haikuwa baridi yabisi.

Kwa hivyo swali la ile fomu halikuwa la kitabuni. Mtoto huyu anameza kapsuli moja kila usiku, ya dawa iitwayo haidroksiyurea, na hali yake imekuwa nafuu, lakini hajapona. Mwaka ule alikuwa amelazwa mara tatu. Watafiti walikuwa na dawa mpya, walitaka kuiongeza juu ya ile anayotumia, na walitaka kujua kama inawafaa watoto. Baba yake alitaka kusaini siku ile ile. Mama yake hakulala.

Kunde za Sista

Mimi nimesoma sekondari ya misheni, kwa masista, msichana wa Kiarabu mwenye buibui ndani ya mkoba. Sista aliyetusomesha sayansi alitupa kunde na makopo mawili ya maziwa. Kopo moja dirishani, jingine ndani ya kabati. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Sista, hili la kabatini tunalipanda la nini na tunajua litanyauka?" Akamjibu kwamba bila la kabatini, la dirishani halikufundishi kitu. Litaota, na wewe utadhani limeota kwa sababu ya dua zako.

Nimelirudia darasa lile kwa watoto wa watu zaidi ya miaka 30, na majaribio ya dawa yote yamesimama juu yake. Ukimpa mgonjwa dawa akapata nafuu, hujajua kama ni dawa au ni siku tu zimepita. Homa hupoa, maumivu huja na kwenda. Ndiyo maana wagonjwa hugawanywa makundi mawili. Kundi moja hupata dawa mpya, jingine hupata matibabu ya kawaida, au kidonge kinachofanana kwa rangi na ladha lakini hakina dawa ndani.

Nani aingie kundi lipi? Hachagui daktari, hachagui mzazi. Hupigwa kura, siku hizi kwa kompyuta. Daktari akiachiwa achague, atawapa dawa mpya wale anaowaonea huruma, au wale wenye nguvu zaidi, na kundi moja litakuwa limependelewa tangu mwanzo. Mara nyingi pia hata daktari mwenyewe haambiwi nani anameza nini mpaka hesabu ifungwe, kwa sababu macho huona yanachotarajia kuona. Mkwe wangu alipofika sehemu hiyo ya fomu aliudhika. "Yaani mwanangu anaweza kunywa unga mtupu mwaka mzima?" Ndiyo, anaweza. Lakini angeendelea na haidroksiyurea yake vile vile, na hilo lilikuwa limeandikwa ukurasa wa nne. Hilo ni jambo la kuangalia kabla ya yote: kundi lisilopata dawa mpya haliachwi bila matibabu yanayojulikana kufaa.

Hatua nne

Dawa haifiki kwa mtoto siku ya kwanza. Kwanza hujaribiwa maabara na kwa wanyama. Kisha awamu ya kwanza, kwa watu wazima wachache, mara nyingi wenye afya zao, kati ya 20 na 100 hivi. Hapo swali ni moja: inadhuru? Mwili unaihimili kwa kiasi gani? Awamu ya pili huingia wagonjwa, mia au mamia, kuona kama kuna dalili ya kufaa na kipimo gani ni sawa. Awamu ya tatu ni mamia mpaka maelfu, hospitali nyingi, nchi nyingi, na hapo ndipo hulinganishwa sawasawa na dawa iliyopo. Ikifaulu, serikali huiruhusu kuuzwa. Awamu ya nne huja baada ya hapo, dawa ikiwa tayari madukani, kwa sababu madhara ya nadra hayaonekani mpaka watu wengi waitumie.

Dawa nyingi huanguka njiani. Kati ya kumi zinazoanza awamu ya kwanza, karibu moja tu ndiyo hufika dukani. Nilipomwambia binti yangu hivyo, alisema, "Basi uwezekano mkubwa ni kwamba hii nayo haifai." Nikamwambia ile ya Nasir ilikuwa imefika awamu ya tatu, imeshachujwa sana, lakini kama kila mtu angejua inafaa, wasingekuwa wanajaribu. Jaribio la haki ni lile ambalo wenyewe hawajui jibu.

Pale akili ya kawaida ilipokosea

Kuna mtu atasema, madaktari wana uzoefu, wanajua kinachofaa, kura ya nini? Nitakupa mfano wa karibu na kwetu.

Mtoto akiletwa hospitali na homa kali, mikono ya baridi, mapigo ya moyo mbio, tumezoea kwamba awekewe dripu, tena ya haraka, maji mengi kwa muda mfupi. Ndivyo ilivyofundishwa katika hospitali kubwa za dunia. Kati ya 2009 na 2011 watafiti walilipima jambo hilo Kilifi, Muheza na hospitali za Uganda, chini ya daktari Kathryn Maitland aliyekuwa akifanya kazi Kilifi. Waliingia watoto 3,141. Baadhi walipewa maji mengi kwa haraka, wengine walipewa polepole kiasi cha kukidhi mwili tu.

Kila mmoja alitarajia maji ya haraka yaokoe. Ilikuwa kinyume. Katika saa 48 za mwanzo, walifariki kama watoto 7 kati ya 100 kwenye kundi la polepole, na kati ya 10 na 11 kwa kila 100 kwenye makundi ya maji ya haraka. Bodi huru iliyokuwa ikizitazama takwimu ilishauri kazi isimamishwe kabla ya wakati, na ikasimamishwa.

Nilipoyasoma haya nilikaa kimya muda mrefu. Wale watoto walikuwa wetu, wa Kilifi na Muheza. Waliofariki katika kundi la maji ya haraka hawakupewa kitu cha ajabu, walipewa kile ambacho daktari mzuri popote angewapa kwa nia njema. Tofauti ni kwamba safari hii mtu alihesabu. Bila kuhesabu, tungeendelea kudhani dripu ile inaokoa.

Kwa nini tunaogopa, na tunayo haki

Hata hivyo sikumwambia binti yangu kwamba hofu yangu ilikuwa ya kijinga, maana si ya kijinga. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, madaktari wa Kinazi walishitakiwa Nuremberg kwa kuwatesa wafungwa kwa jina la sayansi, na mwaka 1947 ikaandikwa kanuni ambayo sharti lake la kwanza ni kwamba mtu akubali kwa hiari yake. Mwaka 1964 Chama cha Madaktari cha Dunia kikatoa Tamko la Helsinki, ambalo limerekebishwa mara nyingi, mara ya mwisho 2024. Lakini huku kanuni zikiwepo, Marekani ilikuwa ikiwaacha mamia ya wanaume weusi wa Tuskegee, Alabama, na kaswende bila kuwatibu, kuanzia 1932 mpaka gazeti lilipofichua 1972. Penisilini ilikuwapo. Hawakupewa.

Na karibu zaidi na sisi ni Kano, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 1996. Kulikuwa na mlipuko mkubwa wa homa ya uti wa mgongo. Kampuni ya Pfizer ilifika na dawa yake mpya, Trovan, ikaijaribu kwa watoto 200, nusu wakipewa hiyo na nusu dawa nyingine. Watoto 11 walifariki, watano katika kundi la Trovan na sita katika lile jingine, na wengine walibaki na ulemavu. Wazazi walisema hawakuelezwa kwamba ni majaribio. Kampuni ilikana kosa, lakini mwaka 2009 ilikubaliana na serikali ya jimbo la Kano kulipa dola milioni 75. Athari yake ilizidi fedha. Miaka ya baadaye, chanjo ya polio ilipofika huko, watu wengi waliikataa, na kumbukumbu ya 1996 ilikuwa miongoni mwa sababu.

Somo la Kano ni kwamba mzazi ambaye hakuelezwa hajakubali, hata kama hakukataa.

Kwa nini basi watoto waguswe?

Hili ndilo swali lililonichukua usiku mzima. Si bora dawa ijaribiwe kwa wakubwa, halafu mtoto apewe nusu?

Msomaji, sote tumefanya hivyo. Tumevunja kidonge cha mtu mzima kwa kisu, tukakisaga kwa kijiko, tukakichanganya na sukari, mtoto akatema nusu ya nusu. Lakini mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa. Ini lake na figo zake hazijapevuka, na dawa inaweza kukaa mwilini mwake muda mrefu zaidi au kutoka upesi zaidi. Katika miaka ya 1950 watoto wachanga walipewa kloramfenikoli kwa vipimo vilivyokisiwa. Ini lao halikuweza kuitoa, wakawa wanageuka rangi ya kijivu na kufariki. Hao nao walikuwa katika majaribio, ila yalikuwa majaribio yasiyo na fomu, yasiyo na kamati, na yasiyo na mtu wa kuhesabu.

Upande wa pili kuna ile dawa ya malaria ya watoto, inayoyeyuka ndani ya kijiko cha maji. Kabla haijatoka mwaka 2009, ililinganishwa na vidonge vilivyosagwa, kwa watoto 899 wa Benin, Kenya, Mali, Msumbiji na Tanzania pamoja na Zanzibar. Ladha yenyewe watoto wa Tanzania ndio walioionja, wakapewa ladha tatu za matunda, na cheri ikachaguliwa. Sasa mtoto anaimeza bila vita. Hilo lisingejulikana kwa kuwauliza wakubwa.

Kapsuli ya Nasir imetoka wapi

Nilipofika hapa nikaamua kuifuatilia ile dawa anayoitumia tayari. Haidroksiyurea zamani ilikuwa dawa ya saratani. Mwaka 1995 ikatangazwa matokeo ya majaribio ya watu wazima 299 wenye sikoseli, Marekani na Kanada. Mashambulio ya maumivu yalipungua karibu nusu, na kazi ikasimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa wazi mno. Baadaye wakaingia watoto wakubwa, kisha wachanga wa miezi 9 hadi 18, watoto 193 huko Marekani, na matokeo yao yakatoka 2011.

Afrika bado madaktari walisita, na kwa sababu ya maana. Dawa hii hupunguza chembe nyeupe za damu. Je, kwenye nchi ya malaria, haitamfungulia mlango mbu? Hakuna mtafiti wa Marekani angeweza kulijibu hilo akiwa Marekani. Ililazimu watoto wa Afrika. Kampala, hospitali ya Mulago, watoto 208 waligawanywa kwa kura, na mwaka 2017 ikaonekana malaria haikuzidi kwa waliopewa dawa. Kisha likaja jaribio kubwa zaidi, Kilifi kwetu, Mbale, Kinshasa na Luanda, watoto 606 wa mwaka mmoja hadi kumi waliotumia dawa. Matokeo yalichapishwa 2019. Maumivu yalipungua zaidi ya nusu, haja ya kuongezewa damu ilipungua kama theluthi mbili, vifo vilipungua, na malaria, ile iliyokuwa ikiogopwa, nayo ilipungua karibu nusu. Katika jaribio hilo hakukuwa na kidonge kitupu. Watoto wote walipata dawa, wakalinganishwa na hali yao ya kabla.

Kilifi ni kama kilomita 60 kutoka nyumbani kwangu. Nimepita pale kwa matatu mara zisizo na idadi, na sikujua.

Na ile iliyoondolewa

Ningemaliza hapo ningekuwa nimekudanganya, kwa hivyo nitakuambia na ya pili. Mwaka 2019 Marekani iliruhusu dawa nyingine ya sikoseli iitwayo Oxbryta. Ilikuwa inapandisha hemoglobini, na kwa hilo tu ikaruhusiwa kwa haraka, kwa sharti kwamba majaribio yaendelee. Mwaka 2021 ikaruhusiwa hadi kwa watoto wa miaka minne. Majaribio yaliyoendelea yaliingiza watoto 236 waliokuwa katika hatari ya kiharusi, kutoka nchi kadhaa, zikiwemo Kenya, Nigeria, Ghana, Saudi Arabia na Oman yenyewe. Walifariki wanane katika waliopewa dawa, na wawili katika waliopewa kidonge kitupu. Septemba 2024 Pfizer, iliyokuwa imeinunua kampuni iliyoitengeneza, iliiondoa dawa hiyo dunia nzima.

Mkwe wangu alisema, "Unaona? Hatari tupu." Binti yangu akasema, "Lakini kama wasingeendelea kuhesabu, si ingekuwa bado inauzwa?" Wote wawili walisema kweli. Damu kupanda kwenye karatasi haikuwa sawa na mtoto kuishi, na tofauti hiyo waliilipia watoto ambao wazazi wao walisaini fomu kama yetu.

Maswali tuliyokwenda nayo

Nilichukua daftari, nikaandika maswali. Nawapa kama yalivyo, huenda yakamfaa mtu.

Dawa hii imeshatumiwa na watu wangapi, na je, wakubwa wamemaliza kuijaribu?

Mtoto ataacha dawa yake ya sasa? Asiyepata dawa mpya atapata nini?

Ni sindano ngapi za ziada, na siku ngapi za kukosa skuli?

Kamati gani ya maadili imeipitisha kazi hii, na bodi gani huru inazitazama takwimu ikiwa na uwezo wa kusema basi?

Imesajiliwa kwenye daftari la wazi la majaribio? Nambari yake? Ukiwa na nambari unaweza kuitafuta mwenyewe kwenye simu, ukaona nani anaigharamia na wanapima nini.

Akidhurika, nani analipa matibabu? Je, imeandikwa?

Jaribio likiisha na dawa ikawa imemfaa, ataendelea kuipata?

Tukikataa, au tukiacha katikati, matibabu yake ya kawaida yatabadilika?

Jambo moja zaidi. Ukirudishiwa nauli na chakula cha mchana, hayo ni ya haki. Ukiahidiwa fedha nyingi mpaka mkono unatetemeka, jiulize. Na nesi akikuambia "saini tu hapa, ni utaratibu", chukua fomu yako urudi nayo nyumbani. Sisi tulikuwa tumeambiwa karibu hivyo hivyo siku ya mwanzo. Yule dada alikuwa na foleni ndefu, simlaumu sana, lakini hakuwa na haki.

Siku ya majibu

Tulikwenda wanne. Daktari alitupokea kwa heshima, akakaa nasi karibu saa nzima. Maswali mengi aliyajibu bila kutafuta maneno. La nani atalipa mtoto akidhurika lilikuwa ndani ya fomu, ukurasa wa kumi na moja, kwa herufi ndogo, akatusomea. La kuendelea kupata dawa baada ya jaribio hakuwa na jibu, akasema wazi kwamba hana, na kwamba atauliza wenye kazi. Alituletea jibu kwa maandishi siku ya tano. Ilikuwa mwaka mmoja, baadaye itategemea. Sikulipenda jibu lile, lakini nilimpenda daktari kwa kulileta.

Nitakuambia ukweli, nilikuwa nimegeuka. Mimi niliyeisukuma fomu, sasa nilikuwa upande wa mkwe wangu. Niliwafikiria wale wa Kilifi, nikaona aibu mjukuu wangu ale matunda ya mti ambao wengine wameumwagilia, na yeye asibebe hata ndoo moja. Binti yangu alikuwa ameinama, kalamu mkononi.

Ndipo daktari akasema, "Bado hatujamuuliza mwenyewe."

Sheria za utafiti zinasema mzazi hutoa ridhaa, lakini mtoto aliyefikia umri wa kuelewa naye huulizwa. Kuna karatasi yake, yenye picha na maneno mepesi. Daktari akatuomba wakubwa tusogee kidogo, akakaa na Nasir, akamweleza kapsuli, akamweleza kura, akamweleza damu itakayotolewa kila wiki mbili kwa miezi ya mwanzo.

Nasir akauliza, "Nikisema sitaki, utakasirika?"

"Hapana."

"Na dawa yangu ya usiku utaninyima?"

"Hapana. Utakuja miadi yako kama kawaida."

Akafikiri. Akamtazama baba yake, akanitazama mimi. Kisha akasema, "Basi sitaki. Sindano zimenitosha."

Mkwe wangu alifungua mdomo. Daktari aliinua mkono kidogo tu, kwa adabu, akafunga faili. Akamwandikia Nasir tarehe ya miadi na haidroksiyurea ya miezi miwili. Mambo yakaisha hapo.

Ndani ya gari hakuna aliyesema neno mpaka Al Khuwair. Mimi nilikuwa nimevunjika moyo, na nilijionea haya kwa kuvunjika moyo. Nilikwenda pale nikiogopa mtoto asiye na wa kumsemea. Kumbe alijisemea mwenyewe, akasikilizwa, na mimi bibi yake nikawa nataka angesema vingine.

Ramadhani iliyofuata alilazwa siku nne. Usiku wa pili, anapolia, binti yangu alinitazama nami nikamtazama, na kila mmoja alijua mwenziwe anafikiria nini. Hatukulisema. Hatujui kama dawa ile ingemsaidia, ingemdhuru, au kama angepewa kidonge kitupu. Jaribio bado linaendelea na hata wenyewe hawajui. Watoto wengine wamo ndani yake, na siku matokeo yakitoka, yawe mazuri au mabaya, Nasir atanufaika nayo bila kuwajua.

Nimerudi Mombasa. Kila usiku saa mbili, saa za Maskati tatu, tunaongea kwenye simu, nami humwona akimeza ile kapsuli yake na maziwa. Nimemweleza kwamba kabla yake ilimezwa na watoto wa Kilifi, na wa Mbale, na wa Kinshasa, wadogo kuliko yeye. Aliniuliza majina yao. Nikamwambia siyajui, yamefichwa, ndivyo sheria inavyotaka.

"Basi tutawaombea bila majina," akasema, akazima simu.